Ficha sauti, usimfunge mtoto macho

Mwalimu wa Wete, tafadhali usishone hivyo vitambaa. Umeandika kwamba wiki ijayo unaanza milango ya fahamu, kuona na kusikia, na unataka kuwafunga watoto wote macho, uwapigie sauti za kwenye simu kwa spika, kila mmoja aseme amesikia nini. Umeuliza pia chati ya kubandika, nyimbo, na namna ya kuwapima. Hayo yatangoja. Mimi nasomesha maandalizi upande wa Fuoni, na mchezo huo huo tuliucheza Januari 2024.

Vitambaa vilikuwa vichache, darasa limejaa. Kikivuliwa kwa huyu kinafungwa kwa yule, bado kina jasho na machozi ya mwenzake. Mwezi huo ndio macho mekundu yalikuwa yameenea nchini, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni virusi. Watu wanaamini macho mekundu unayapata kwa kumtazama mgonjwa. Si kweli. Yanahama kwa mikono, taulo, mto, na kitambaa kama hicho chako. Asubuhi moja kitoto cha kike kililetwa kope zimegandana kwa tongo, hakiwezi kufumbua. Wakafuata wengine, darasa likafungwa. Mama mmoja anayeuza urojo jioni alilala ndani siku chungu nzima kwa sababu na yeye aliyapata kutoka kwa mwanawe, na hakuna mteja anayenunua urojo kwa mtu mwenye macho yale. Aliposimama mlangoni kuniuliza tuliwafanya nini watoto wao, sikuwa na jibu la kumpa.

Hasira zangu mpaka leo ni za yule mkufunzi aliyetuletea mchezo huu semina. Alitwambia mtoto akifungwa macho masikio yake yanafunguka. Mwalimu mmoja mtu mzima akamuuliza vitambaa vitafuliwa saa ngapi, akajibiwa, “Hayo mtajipanga wenyewe.” Mtu anayelipwa kuwafundisha walimu wa watoto wa miaka minne anajibuje hivyo? Na hata hilo la masikio kufunguka si kweli. Mtoto mdogo ukimtia kiza ghafla anaogopa, na mwenye hofu hasikilizi. Wawili walilia tangu kitambaa hakijafungwa fundo.

Sasa shika hili moja, hata mengine yote ukiyasahau: ficha sauti, usimfiche mtoto. Funga kamba ukutani, tundika kanga, mwalimu mmoja akae nyuma yake na vitu vyake. Kanga haizuii sauti. Chukua mbuzi ukune nazi, twanga kidogo kwenye kinu, fagia kwa ufagio wa chelewa, tikisa funguo, gonganisha vikombe viwili kama muuza kahawa. Zile sauti za simu ziache. Mtoto wa Wete ukimpigia sauti ya treni akanyamaza, utajuaje kama hakusikia au hajawahi kuisikia? Na spika ya kelele usiisogeze karibu na masikio yao.

Wewe mwenyewe kaa mbele, uso kwa uso na watoto, kwa sababu huko ndiko kwenye faida ambayo mkufunzi yule hakuijua kabisa. Macho yao yakiwa wazi unawasoma. Tulikuwa na mtoto ambaye sote tulimwita mkaidi, ukimwita haitiki, ukimtuma analeta kitu kingine. Nyuma ya kanga zikatikiswa funguo taratibu. Wenzake waligeuza shingo mara moja. Yeye alimtazama jirani yake kwanza, akangoja mkono wa jirani upande, ndipo akanyanyua wake. Tukarudia kwa vikombe, ikawa vile vile. Kumbe alikuwa akiishi kwa kuangalia wenziwe. Kama angefungwa kitambaa angekaa kimya tu, nasi tungesema ameogopa.

Hospitali walikuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Hii ni kawaida kwa umri huu, hasa baada ya mafua, kwa sababu mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni kwa mtoto ni mfupi na umelala, majimaji hayashuki vizuri. Mara nyingi hakuna maumivu, kwa hiyo mtoto halalamiki. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Fikiria watoto wa vituo vya Tucheze Tujifunze, vile vya maandalizi hapa Zanzibar ambako somo lilikuja kwa redio. Asiyesikia vizuri pale anapitwa na somo zima huku anacheka na wenzake.

Kuona, kwa ufupi: watoto wakae wawili wawili, mmoja afumbe macho yake na ayafunike kwa viganja vyake mwenyewe alivyonawa kwa sabuni, halafu afumbue akiwa ameelekea dirishani. Mwenziwe aiangalie mboni inavyokuwa ndogo. Watapiga kelele kwa furaha. Jua lenyewe wasilitazame. Chati chora mwenyewe, jicho na sikio, inatosha.

Ukimgundua mtoto wa namna ile, mwite mzazi pembeni, na usitamke neno kiziwi. Mwambie ulichokiona, kwamba mwanao anasubiri wenziwe, na kwamba umemjaribu kwa sauti hizi na hizi. Mwombe ampeleke kwa daktari wa masikio, na asimtie mafuta ya nazi ya moto wala njiti ya pamba, maana ngoma ikiwa imetoboka mafuta yanaingia ndani, na njiti inasukuma nta mbali zaidi. Wakati anasubiri hospitali, mkalishe mbele, umsemeshe akiwa anakuona mdomo. Na kesho yake mrudishe tena mbele ya kanga, maana masikio ya mafua leo yanasikia, kesho hayasikii.