Muulize Sista: Manesi hawatoshi, mbona waliosoma wako nyumbani?

*Sista, assalamu alaikum. Mimi niko kisiwani Pate. Binti yangu kamaliza fomu foo na alama zake zamruhusu kusomea unesi. Baba yake ataka kuuza mashine ya boti apate karo. Sasa mimi roho yanidunda, kwa sababu mwana wa dada yangu alisoma unesi huohuo akamaliza 2022, mpaka leo yuko nyumbani auza viazi karai. Na kila siku twasikia redioni manesi hawatoshi, na kweli dispensari yetu ina nesi mmoja tu, akienda likizo mlango wafungwa. Hawatoshi au wamezidi? Nimpeleke au nisimpeleke? – Mama wa Pate*

Waalaikum salam dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nikajua nikikujibu haraka nitakuwa nimekukosea, kwa sababu mashine ya boti si kitu cha kuuza kwa maneno ya redio.

Jibu ni kwamba yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Manesi hawatoshi na manesi wako nyumbani. Watu husikia neno moja, "wanahitajika", lakini ndani yake mna vitu viwili tofauti. Kuna haja ya mgonjwa, yaani mama mjamzito anayetaka kupimwa, mtoto anayetaka chanjo, mzee wa presha. Halafu kuna nafasi ya kazi, yaani kiti kilichowekewa mshahara kwenye bajeti. Redio yakwambia haja. Mwana wa dada yako yeye alikuwa atafuta nafasi, na nafasi haizaliwi kwa sababu watu wanaumwa, nafasi huzaliwa mtu akikaa na kalamu akaandika mshahara huu tutaulipa.

Na kalamu yenyewe imefungwa. Tangu 2013 ajira nyingi za hospitali hapa Kenya zimehamia kaunti, na kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara ya wafanyakazi wote isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Wote, si wa afya peke yao. Kwa hivyo kaunti inaweza kuona kwa macho yake dispensari haina mtu, na mhitimu yuko mtaa wa pili, na bado ikashindwa kuwakutanisha. Juu ya hapo kuna ajira zilizotoka mifuko mingine. Wale wa UHC, yaani mpango wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020 walipewa kandarasi, baadaye ikabidi waandamane kudai kazi za kudumu. Halafu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, watu wengi waliokuwa kwenye kliniki za ukimwi nchini wakaambiwa wakae nyumbani. Wagonjwa hawakupungua hata mmoja siku ile, kilichokwenda ni mshahara tu.

Sasa tuje kwa binti. Akiingia chuo mwaka huu atatoka baada ya miaka mitatu hivi, afanye mtihani wa baraza la wauguzi, ndo aanze kutafuta. Kwa hivyo usiniulize kama kuna kazi leo, uliza kutakuwa na kazi mwaka ule. Hapo ndipo wazazi wengi tunateleza, tunaangalia soko la leo tunalipa karo ya kesho, na wenzetu nao nchi nzima wameangalia soko hilohilo, wakitoka wanatoka wote pamoja kama abiria wa feri.

Mimi ningempeleka, na nakwambia hivyo nikijua mashaka yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo 2010, likairudia 2021, kuhusu namna ya kupata wafanyakazi wa afya wanaokaa mashambani na visiwani, na kitu cha kwanza walichoshikilia ni kuwasomesha watoto waliozaliwa hukohuko, kwa sababu hao ndo wanaorudi na kukaa. Nesi wa bara ukimleta Pate anahesabu siku. Binti yako anajua maji yakitoka boti haipiti mkondo wa Mkanda, anajua msimu wa kusi bahari ikoje, na mama akianza uchungu saa nane za usiku anajua nani wa kuamshwa ana boti yenye mafuta. Hiyo haifundishwi chuoni dada yangu, na kila nikikumbuka wanawake niliowapokea wodini wamechelewa kwa sababu ya maji kutoka, natamani kila kisiwa kiwe na binti yake.

Lakini mashine ya boti msiuze. Mashine ndiyo inayolisha nyumba, mkiuza mmekula mbegu. HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wanakopesha wanafunzi wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, na kuna basari ya kaunti na ya eneo bunge, anzeni hapo mapema, na KMTC ina kampasi Lamu na Malindi kwa hivyo gharama ya kulala na kula mwaweza kuipunguza kama kuna jamaa. Muulize pia kama moyo wake uko kwenye unesi wenyewe au yuataka tu kazi ya hospitali, maana kuna maabara, kuna lishe, kuna famasi, na kila moja ina foleni yake.

Na jambo moja zaidi, hili ni la wewe na wanawake wenzako. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti, na kabla yapitishwe wananchi huitwa kutoa maoni. Nendeni. Msiseme "twataka huduma bora", hilo wataandika na kufunga kitabu. Ulizeni mwaka huu mmeweka mishahara ya manesi wapya wangapi na wangapi watakuja Pate. Swali la namba hujibiwa kwa namba.

*Sista, mimi kijana wa Shela ya Malindi. Nasoma takwimu chuo. Hawa wataalamu wanaosema 2030 dunia itapungukiwa na mamilioni ya wafanyakazi wa afya wanajuaje? Si kubahatisha tu? Na mbona namba zenyewe zinabadilika?*

Mwanangu swali lako ni zuri sana na naomba usiache kuuliza hivyo hata ukiajiriwa.

Kweli zinabadilika. 2016 Shirika la Afya Duniani lilikadiria upungufu wa milioni 18 ifikapo 2030, halafu 2022 hesabu ilivyorudiwa ikashuka ikawa kama milioni 10. Si uongo wa mara ya kwanza, nchi nyingi zilikuwa zimeongeza wanafunzi na wafanyakazi katikati hapo, na takwimu zenyewe zikawa bora.

Hesabu yenyewe ina pande mbili, wafanyakazi walioko na wanaohitajika. Upande wa walioko fikiria birika la msikiti. Maji yaliyomo ni wafanyakazi wa leo. Bomba la juu ni wanaohitimu na wanaorudi kutoka nje. Matundu ya chini ni wanaostaafu, wanaokufa, wanaohama, wanaoacha kazi kufungua duka. Ukijua kila moja unaweza kusema miaka kumi ijayo maji yatafika wapi. Shida ni bomba la juu ni refu mno. Daktari husoma miaka sita, na mwaka wa intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, juu yake, kwa hivyo ukifungua bomba leo maji yanafika wakati aliyelifungua hayuko tena ofisini. Na bomba laweza kuziba katikati, mgomo wa madaktari wa 2024 uliodumu siku 56 kiini chake kilikuwa ni hao madaktari wa intanshipu, kupangiwa vituo na kulipwa.

Upande wa wanaohitajika njia rahisi ni kuhesabu kwa vichwa vya watu. Chukua Lamu. Sensa ya 2009 ilipata watu 101,539, ya 2019 ikapata 143,920. Shirika la Afya Duniani lilitumia kipimo cha madaktari, manesi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000, kwa hivyo Lamu ya 2019 inataka kama 640. Ukiendeleza mwendo uleule wa kuongezeka, 2029 watu watakuwa kama 204,000 na wafanyakazi kama 908. Umemaliza, umepata ripoti. Lakini jiulize, mwendo ule ulitoka wapi? Lamu imejengewa bandari, gati la kwanza likafunguliwa 2021, watu wamekuja kutafuta kazi na ardhi, na je wataendelea kuja kwa kasi hiyo? Hapo ndipo utabiri unakuwa imani.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kuhesabu kazi yenyewe, inaitwa WISN, nayo ni ya hao hao Shirika la Afya. Kalamu ushike tufanye pamoja, namba ni za mfano. Mwaka una siku za kazi 260. Toa likizo 30, sikukuu 10, ugonjwa na semina 10, zinabaki 210, mara saa 8 ni saa 1,680. Nesi wa dispensari ana rejista za kujaza, ripoti ya mwezi, kuhesabu dawa stoo, tuseme hizo zinakula moja ya tano, wagonjwa wanabakiziwa saa 1,344. Sasa fungua rejista. Wagonjwa wa kawaida 6,000 kwa dakika 10 ni saa 1,000. Kliniki ya wajawazito mahudhurio 1,200 kwa dakika 20 ni saa 400. Chanjo 2,400 kwa dakika 10 ni saa 400. Kuzalisha 60 kwa saa 6 ni saa 360. Jumla saa 2,160. Gawa kwa 1,344 unapata 1.6. Yaani yule nesi mmoja amebeba kazi ya mtu mmoja na zaidi ya nusu, na hatuwezi kuajiri nusu mtu kwa hivyo wanatakiwa wawili.

Nimefanya kazi hiyo, najua ile saa inayokosekana inatoka wapi. Inatoka kwenye yale maneno ambayo mama alitaka kuuliza ukawa ushamuita wa nyuma yake.

Hata hivyo njia hii pia ina kasoro, na kwetu ni kubwa. Kisiwa kidogo chenye watu wachache rejista yake itakwambia kazi ni ya 0.6, mtu wa bajeti atafurahi atasema basi mmoja anawazidi. Kumbe mmoja hawezi kukesha siku 365. Akilala, akiumwa, akimsindikiza mgonjwa kwa boti mpaka hospitali ya Lamu mjini, kisiwa hakina mtu. Kwa visiwa mimi nasema hesabu ianzie wawili kabla hujafungua rejista, halafu bahari ihesabiwe kama mgonjwa.

Kuhusu kubahatisha, wakubwa wamekosea na tusione haya kusema. Uingereza 1957 kamati ya Willink ilishauri wanafunzi wa udaktari wapunguzwe kama sehemu moja ya kumi, hawakuona watu wataongezeka vile na madaktari watahama vile, kufika 1968 tume nyingine ikasema waongezwe. Marekani nao kamati yao ya 1980 iliona 1990 watakuwa na madaktari 70,000 wa ziada, halafu miaka ya baadaye wakawa wanalia upungufu. Waliweza hesabu, tatizo ni waliiacha isimame kama kaburi. Utabiri huu ni kama wa nahodha, unaangalia upepo kila mara, si asubuhi moja tu ukalala. Kwa hivyo ukiajiriwa kaunti fanya hesabu kila mwaka au miwili, weka hali tatu si moja, na andika waziwazi uliamini nini ili atakayekuja ajue pa kurekebisha.

*Sista mimi ni nesi hapa Malindi, nimepata nafasi Uingereza. Wenzangu wanasema nawakimbia wagonjwa wa kwetu. Nifanye nini? – J.*

J. mwanangu, usibebeshwe mzigo wa bajeti ya nchi kwenye sanduku lako la safari. Tangu 2021 Kenya na Uingereza zina makubaliano ya kupeleka wafanyakazi wa afya, pitia njia hiyo ya serikali na usimpe wakala yeyote pesa ya kutafutiwa kazi. Sikulaumu, nitakukosa tu.

Ila nakuomba kitu kimoja. Ukiondoka andika barua ya kuacha kazi, igongwe muhuri, ubaki na nakala. Nimeona mahali watu wanapotea tu kimyakimya, jina linabaki kwenye orodha miaka miwili, na kila ripoti ikiandikwa inaonyesha wodi ina manesi watano kumbe wako watatu, na hao watatu wakilia hawasikilizwi kwa sababu karatasi inasema wako watano.