Kwa maintani wapya: acheni kumtungia mgonjwa maisha

Wadogo zangu mnaoanza zamu za kliniki, nawapenda, ila leo nimechoka kidogo. Kila kundi jipya likija kosa ni lile lile. Mnamwangalia mgonjwa usoni, mnamtungia maisha kabla hajakaa kwenye kiti, halafu historia mnayoandika ni ya mtu mliyemtunga nyinyi. Kwa wateja wa LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili na watu transi, hilo linaumiza kuliko mnavyodhani.

1. Usianze na mke au mume. Kuna kijana alikuja Jumatatu asubuhi, kondomu ilipasuka Jumamosi usiku, anataka PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, hilo tu ndilo lililomleta. Intani akamuuliza una mke, akasema hapana. Mpenzi je? Kijana akasita, akasema ndiyo ninaye. Haya, anatumia uzazi wa mpango gani? Basi, hapo mdomo ukafungwa. Ukisoma faili unaona kabisa alipofunga, maana mstari unaofuata ni "analalamika kichwa kinauma", akapewa dawa ya maumivu akaenda zake. Alhamisi akarudi, bahati nzuri akakutana na sista mzoefu. Sista akafunga mlango, akaweka kalamu chini, akamwambia hili swali namuuliza kila anayeingia hapa, unafanya mapenzi na wanaume, wanawake au wote? Ndani ya dakika chache kila kitu kikatoka. Lakini mnajua wenyewe, PEP inaanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara, halafu dawa anameza siku 28. Jumatatu alikuwa na muda wa kutosha kabisa, Alhamisi muda umeshapita. Ikabaki kumpima na kumpa tarehe ya kurudia, kwa sababu kipimo cha mapema hakioni maambukizi mapya. Tarehe ikapita, simu haipatikani. Intani alilia wakati wa kukabidhiana zamu na mimi nilimwonea huruma kwa kweli, maana hakumtukana yule kijana wala kumkunjia uso, aliongea naye kwa upole mwanzo mpaka mwisho. Ndio maana nawasimulia. Upole peke yake hautoshi kama swali lenyewe limeshamfungia mtu mlango.

2. Kipimo kinafuata kiungo na kitendo, sio sura. Kisonono na klamidia vinaweza kukaa kooni na kwenye njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, ukipima mkojo peke yake unamwambia mtu yuko salama na hayuko. Chukua swabu pale panapohusika. Mwanamke anayelala na wanawake naye anahitaji kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, inapita hata kati ya wanawake, msimrudishe nyumbani eti haimhusu. Mwanaume transi, yaani aliyeandikwa wa kike alipozaliwa lakini ni mwanaume, akiwa na shingo ya kizazi ni hivyo hivyo, na testosteroni sio uzazi wa mpango hata kama hedhi imekata. Mwanamke transi, kinyume chake, bado ana tezi dume. Na hapo hapo niongee na watu wa mapokezi: kuna mwanaume transi, ndevu zimejaa, aliitwa kwa sauti "Bi fulani" kwa sababu ndivyo kadi ilivyoandikwa, benchi zima likageuka, akainuka akatoka moja kwa moja hadi nje ya geti. Muulize mtu anapenda kuitwaje, liandike juu ya faili, liite hilo.

3. Chanjo: homa ya ini A na B, pamoja na HPV kama umri unaruhusu. PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya hatari, iongelee kabla hajauliza.

4. Faili. Andika kinachosaidia matibabu, basi. Maneno ya mtaani kama shoga au msagaji hayana kazi humo, na kuna mahali sheria inaweza kuligeuza faili kuwa ushahidi. Na ukiletewa mtu "umpime" njia ya haja kubwa kuthibitisha kama ni shoga, kataa. Kipimo hicho hakina sayansi yoyote, ni udhalilishaji mtupu, na Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari waache kukifanya tangu 2017.

5. Msimpeleke mtu ushauri nasaha "abadilike". WHO iliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na ICD-11, toleo jipya la orodha hiyo lililoanza kutumika 2022, imetoa suala la watu transi kwenye sura ya magonjwa ya akili. Ila sonona ipo, na inatokana sana na kukataliwa nyumbani na kuishi umejificha. Kwa hiyo uliza usingizi, uliza pombe, uliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kulisema.

6. Someni. Mwongozo wa WHO wa makundi maalum wa 2022 na toleo la 8 la mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transi, kwa habari za homoni, vyote vinapatikana bure mtandaoni. Halafu mtengeneze orodha yenu ya rufaa: mshauri, daktari wa homoni, mwanasheria, mahali pa kulala kwa aliyefukuzwa kwao. Na kabla hujampa mteja namba yoyote ipige wewe kwanza, usikie nani anapokea na anaongeaje, maana nyingine zimekufa siku nyingi na nyingine anapokea mtu wa kuhubiri.