Muulize Fundi: Usukani Unaniua Mgongo, Nibadilishe?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za usukani wa pikipiki, wengine mgongo, wengine viganja, wengine wanataka tu mwonekano. Nimezipanga hapa na kuzijibu kadiri zinavyohitaji, so ukiona la kwako limejibiwa kwa mistari mitatu usinune, ni kwamba halina mengi.

Shikamoo fundi. Mimi ni boda wa Mbagala, nina Boxer 150, urefu wangu futi sita na inchi mbili. Asubuhi niko fresh ila ikifika mchana kiuno kinakaza na mabega yanawaka moto maana nimeinama muda wote. Fundi wa kijiweni kasema nimpe hendeli, yaani usukani, aikate, aunge vipande vya bomba iende juu, na anavyosema ni bei rahisi kuliko kununua nyingine. Nimpe? (Mrefu, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu. Usimpe.

Sikatai kwamba anajua kuchomelea, inawezekana anachomelea vizuri kabisa, shida ni kwamba bomba la usukani lina ukuta mwembamba na ukilipiga moto ile sehemu ya pembeni ya weldi inabadilika tabia, haipindi tena kama mwanzo bali inakatika. Sasa usukani wako unatikisika kuanzia unawasha mpaka unazima, injini ya silinda moja haina utani, na kila ukishika breki ya mbele uzito wa mwili wako wote unakuja kwenye mikono yako na mikono imeshika lile bomba. Ufa unaanzia pembeni ya weldi, chini ya rangi, huuoni, siku ya siku unashika breki kwenye mteremko na upande mmoja unabaki nao mkononi. Na abiria yuko nyuma. Usukani uliokatika ndo kitu pekee kwenye pikipiki ambacho ustadi wako wote wa kuendesha hauwezi kukusaidia.

Sasa tuje kwenye mwili wako. Kabla hujatoa hela mwambie mwenzako kijiweni akupige picha ya ubavuni ukiwa umekaa unavyokaa siku zote, pikipiki imesimama wima. Angalia viwiko, vinatakiwa viwe vimekunjwa kidogo, sio mikono imenyooka kama unasukuma mkokoteni. Angalia mabega, yasiwe yamepanda masikioni. Halafu angalia umekaa wapi kwenye siti, na hapa nakuomba uwe mkweli kwa nafsi yako, kwa sababu boda wengi warefu wanaolalamika mgongo wanabeba mshkaki, abiria wawili nyuma wanamsukuma dereva mpaka tumbo linagusa tanki, magoti yamekunjwa, kiuno kimepinda. Kama ndo hivyo hakuna usukani duniani utakaokusaidia, shusha abiria mmoja kwanza halafu tuongee.

Kama unakaa vizuri na bado unainama, anza na vya bure. Legeza zile bolti nne za klampu za juu, yaani vile vishikio vinavyobana usukani, kiasi tu cha usukani kuzunguka kwa ugumu, uzungushe kidogo kuja kwako au kwenda mbele, kaa, sikilizia. Kidogo nimesema, ukiuzungusha sana ncha zinaangalia chini au juu na vifundo vya mikono vitalia. Ukimaliza hapo legeza mkono wa klachi na mkono wa breki, kaa ulivyozoea, nyoosha vidole, kisha panga ile mikono ifuate mstari wa mkono wako kutoka kwenye kiwiko mpaka kidoleni bila kifundo kuvunjika. Pikipiki nyingi zinatoka dukani mikono hiyo imewekwa juu sana, mtu anaendesha mwaka mzima amekunja vifundo kwenda nyuma anadhani ndo pikipiki ilivyo.

Hapo hapo kuna vipande vya kunyanyulia, vinakaa kati ya kichwa cha shokapu na usukani wako uleule. Kwa mtu kama wewe kupanda sentimita mbili mpaka tatu kunaleta tofauti kubwa, na mara nyingi waya za zamani zinafika bila shida. Mimi ningeanzia hapo.

Ukishindwa kabisa nunua usukani mwingine, na ukienda Kariakoo usiende na macho tu, nenda na futi kamba na vipimo vya ule wa zamani. Pima upana ncha kwa ncha, pima kimo kutoka pale klampu inaposhika mpaka usawa wa ncha, pima unarudi nyuma kiasi gani. Unavyovipima hivyo vitatu unajua unachobadilisha, vinginevyo unanunua chuma kizuri kinachokupeleka kulekule. Unene nao uangalie. Pikipiki nyingi ndogo za India, China na Japani zinatumia bomba la milimita 22. Zile kubwa za Kimarekani za kukaa umejinyoosha nyingi ni 25.4. Kuna na hizi nene za aluminiamu, katikati ni 28.6 halafu zinapungua mpaka 22 kwenye ncha, kwa hiyo raba na swichi zako zitaingia vizuri tu ila klampu zako hazitaushika, lazima ununue na klampu zake. Muuzaji akikwambia utaweka kipande cha bati katikati ili ubane, muage kwa adabu.

Siku ya kufunga, piga picha kila kitu kabla hujafungua, waya zimepita wapi, upande gani wa shokapu. Funika tanki kwa kitambaa kizito. Kama breki yako ya mbele ni ya ngoma una waya tu, ila kama ni ya diski kile kikopo cha mafuta ya breki usikiache kinaning'inia kichwa chini, hewa itaingia na utaanza kazi nyingine ya kuitoa, na yale mafuta yakidondokea rangi yanaila. Boksi la swichi kwa ndani huwa na kapini kadogo kanakoingia kwenye tundu la usukani ili lisizunguke, usukani mpya mara nyingi hauna hilo tundu. Wengi wanakata kapini, mimi sipendi, toboa tundu dogo linalotosha kapini tu, baada ya kuhakikisha umeshakaa na kuupenda mkao. Usitoboe kwenye kona wala karibu na klampu.

Klampu zibane kwa zamu, kidogo kidogo. Kwenye pikipiki nyingi unabana bolti za mbele kwanza mpaka mwisho halafu za nyuma, na nafasi ndogo inayobaki nyuma ndo inavyotakiwa, wengine wakiiona wanabana kwa hasira mpaka uzi unakwisha. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine fuata kitabu.

Halafu kipimo ambacho ukikiruka hata nisingejibu barua yako. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, washa, acha iungurume yenyewe bila kuvuta mafuta, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, rudisha mpaka mwisho kulia. Mlio ukipanda hata kidogo waya wa mafuta umebanwa au ni mfupi, maana yake siku utakapokata kona kali pikipiki itajivuta yenyewe. Usiendeshe. Pitisha waya njia nyingine au nunua mrefu. Ukiwa umegeuza hivyohivyo angalia hozi ya breki haijanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, waya wa klachi bado una uchezaji, na kiganja hakibanwi kwenye tanki. Uchezaji wa klachi kwenye ncha ya mkono sentimita moja mpaka mbili unatosha kwa pikipiki nyingi ndogo, na mafuta milimita 2 mpaka 6 kabla hayajaanza kuvuta. Baada ya siku chache za kazi rudia kubana bolti zote.

Na kitu ambacho watu hawaambiwi, usukani ukiwa juu unakaa wima zaidi, mgongo unapumua, lakini kifua kinapokea upepo wote na mbele ya pikipiki inakuwa nyepesi kidogo. Kwa mizunguko ya Mbagala hutasikia, ila ukienda Lindi utasikia.

Kaka fundi habari. Mimi ni mdada, mfupi, pikipiki nimerithi kwa kaka yangu na hendeli iko mbali, nikikata kona kwenda kulia mkono wa kushoto unanyooka mpaka naachia. Naogopa. (Msomaji wa Moshi)

Nzuri dada, na uko sahihi kuogopa, mkono unaoachia kwenye kona ndo ule wenye klachi. Kinyume cha mwenzako wa juu, wewe unahitaji usukani unaorudi nyuma zaidi na usiwe mpana sana. Upana ndo unaokunyoosha kwenye kona, watu wanahangaika na kimo wakati tatizo liko kwenye ncha. Kabla ya kununua zungusha huohuo uje kwako kidogo, sogea mbele kwenye siti, jaribu umesimama tu, geuza mpaka mwisho pande zote mbili. Mkono wa nje ukifika bila bega kufuata, umemaliza kazi. Ukinunua wa kurudi nyuma angalia ukigeuza usikugonge goti wala tanki. Waya hapo zinakuwa ndefu kuliko mahitaji, usizikunje kona kali, waya uliokunjwa unakuwa mzito na unakatika mapema.

Niaje fundi. Niko Nairobi, niko na 150 ya zamani nimeanza kui-customize, nataka bar (usukani) za chini kabisa zile za cafe racer, pikipiki za mtindo wa kulala mbele. Boys wananiambia nitajuta. Ni ukweli ama ni wivu? (Wa Umoja)

Poa sana. Nusu ukweli nusu wivu.

Zile bar zilitoka kwa vijana wa Uingereza miaka ya 50 na 60 waliokuwa wakikimbizana barabarani karibu na London, kijiwe chao maarufu kilikuwa Ace Cafe iliyofunguliwa mwaka 1938, na aina moja ya bar mpaka leo inaitwa kwa jina hilo. Wao walikuwa wanataka kulala ili upepo usiwashike kwenye mwendo mkali. Ukiwa kwenye mwendo huo upepo wenyewe unakubeba kifua kidogo, viganja vinapumzika. Sasa wewe uko Jogoo Road nyuma ya matatu, mwendo wa kutembea, upepo hakuna, uzito wote wa juu uko kwenye viganja na shingo umeikunja kuangalia mbele. Hapo ndo boys wako wako sawa.

Ukiamua kuweka, weka kazi kamili. Ukishusha mikono bila kurudisha miguu nyuma unajikunja katikati kama kisu cha mfukoni, kwa hiyo sehemu za kukanyagia nazo zirudi nyuma, na ukizirudisha mkono wa gia na breki ya nyuma navyo vinahitaji kurekebishwa. Bar za chini zinapenda kugonga tanki au kubana kidole gumba ukigeuza, na dawa ya mafundi wengi ni kupiga tanki likae bonde. Ukipunguza mzunguko wa usukani badala yake utashindwa kugeuza kwenye parking, chagua sumu yako. Mimi ningekuwa wewe ningeweka bar iliyonyooka tu, haina kimo, inaonekana vizuri na inashusha kiasi. Picha ni nzuri, na utafika kazini ukiwa na vifundo vyako.

Nilianguka mwendo mdogo, sasa nikienda moja kwa moja usukani unaangalia kushoto. Nibadilishe usukani? (Msomaji wa Mwanza)

Pole sana. Usinunue bado. Mara nyingi anguko dogo halipindi usukani, linazungusha shokapu za mbele ndani ya klampu zake kwa hiyo tairi na usukani haviongei lugha moja. Simama mbele, bana tairi kati ya magoti, angalia. Kama usukani wenyewe uko sawa pande zote ila umekaa upande, legeza bolti za klampu za shokapu na nati ya ekseli ya mbele, shika usukani zungusha mpaka vilingane, bana tena. Kama ncha moja iko juu au nyuma kuliko nyingine hapo bomba limepinda, badilisha, na ukiwa na wa aluminiamu usimruhusu mtu aunyooshe. Wakati uko hapo nyanyua tairi la mbele, geuza usukani taratibu, ukisikia unakwama katikati gololi za steringi zimeumia.

Viganja vinakufa ganzi safari ndefu, Dodoma kwenda Singida. Niweke usukani mnene? (Msomaji wa Dodoma)

Anza na vitu viwili. Unashika kwa nguvu sana, legeza, pikipiki haikimbii. Halafu weka vyuma vizito kwenye ncha za usukani, vinapunguza mtetemo, na kama kwako ncha hazina kitu utaona tofauti. Usukani mnene wa aluminiamu wapo wanaousifia, ila kama bolti za injini zimelegea mtetemo utakufata hukohuko, kakague hizo kabla ya kutoa hela.

Raba mpya za kushikia zinazunguka, nimejaribu kufunga na waya bado. (Dogo wa Tanga)

Uliziingiza kwa grisi au oili, nakujua. Zitoe, futa bomba kwa petroli mpaka likauke, futa na ndani ya raba, paka gundi ya raba kidogo, ingiza haraka kwa mkupuo mmoja, iache ilale usiku mzima. Upande wa kulia raba inakaa juu ya ile plastiki ya kuvutia mafuta, gundi isiingie chini yake, na raba isiguse boksi la swichi. Asubuhi vuta mafuta uachie, irudi yenyewe kwa kishindo. Isiporudi usiwashe.