Utamu wa Njama na Uzito wa Ushahidi

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: "Kwa nini nadharia za njama hutuvutia hata sisi tunaojidai kuwa hatuziamini?" Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na tangu ujana wangu ni mtu wa baraza, hapa Unguja. Mchana niliandika maneno ya mashahidi walioapishwa. Jioni, baada ya sala ya magharibi, nilisikiliza maneno ya watu ambao hawakuapishwa na yeyote. Nakiri mapema kwamba ya jioni yalikuwa matamu zaidi.

Barazani kwetu yuko mzee ambaye sote tunamwita Maalim, kwa kuwa nusu ya mtaa imepita mikononi mwake darasani. Hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya Tunguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga huko kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wao wa Mercury, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia safari yake. Wenyewe walisema ni shughuli ya sayansi tu. Wapo wananchi waliosema ni kituo cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka huohuo. Kwa riwaya ya Maalim, zile antena hazikuwa za anga wala za makombora, bali zilitegwa kusikiliza mazungumzo ya mabarazani. Kila afikapo hapo hupunguza sauti, ingawa antena zenyewe zimeondoka miaka sitini iliyopita.

Tunacheka, lakini wasiwasi wa watu wa wakati ule haukuwa wa kipumbavu. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana mjini Berlin: Wajerumani wakapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nao wakakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Waingereza. Mtu ambaye nchi yake iliwahi kuwekwa kwenye mizani moja na kisiwa asichokijua hahitaji kufundishwa kwamba wakubwa wanaweza kujifungia chumbani na kupanga mambo yake. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: hadithi ya njama huingia kwa mlango wa kumbukumbu. Msikilizaji wake kwa kawaida si mjinga, bali ni mtu aliyewahi kudanganywa, na ambaye anaona afadhali ashuku mara kumi bure kuliko adanganywe tena mara moja.

Jibu la pili linahusu burudani, na hapa nitaeleza kisa kingine cha nyumbani. Mnamo Januari 1965, Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar na Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam, baada ya mazungumzo yao ya simu kusikilizwa. Walikuwa wametaja risasi. Upande wa Marekani ulieleza kwamba wawili hao walikuwa wakijadili namna ya kuishawishi Washington itume salamu za kuadhimisha mwaka mmoja wa Mapinduzi, na kwamba katika msemo wa Kiingereza "risasi" hizo ni hoja za kumshawishi mkubwa. Mimi niliyetumia maisha yangu kufasiri maneno ya watu mbele ya hakimu sioni ajabu kwamba neno moja lilitosha kutia doa uhusiano. Nimeona watu wakikaribia kufungwa kwa neno dogo kuliko hilo.

Laiti kisa kingeishia hapo, kingekuwa cha kuchekesha tu. Lakini mpenda njama haachi, na atakuuliza kwa upole: huyo Carlucci alikuwa wapi kabla ya kuja kwetu? Alikuwa mwanadiplomasia katika ubalozi wa Marekani huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), Kongo, mwaka 1960, alipopinduliwa waziri mkuu wa nchi hiyo, Patrice Lumumba. Na baadaye alikuwa nani? Kuanzia mwaka 1978 alikuwa naibu mkurugenzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha mwaka 1987 akawa waziri wa ulinzi. Mambo hayo yote ni ya kweli. Ukiyapanga kwa mfuatano huo, huku mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, utasikia mwili ukisisimka. Hakuna aliyekuambia uongo hata mmoja, na bado umeletwa mahali ambapo hakuna hati iliyokufikisha. Carlucci mwenyewe alikanusha maisha yake yote kuhusika na kifo cha Lumumba. Kwa lugha ya kazi yangu, hapo pana vielelezo vitatu halali na hakuna shahidi anayeviunganisha. Kazi ya kuviunganisha ameachiwa msikilizaji. Raha yenyewe imo humo. Hadithi ya kawaida inakupa mwisho wake ukiwa umekaa, ilhali hii inakuajiri kuwa mpelelezi na inakulipa papo hapo kwa kukuona kuwa u mwerevu kuliko magazeti.

Msinielewe vibaya, kwa maana njama za kweli zipo. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilithibitisha kwamba CIA ilipeleka sumu Léopoldville mwaka 1960 kwa ajili ya kumuua Lumumba. Mtu anayedhani kwamba mambo ya namna hiyo hutokea katika filamu peke yake asome ripoti ile. Lakini aisome yote, kwani atashangazwa na jinsi njama ya kweli isivyofanana na ya barazani. Sumu haikutumika. Mkuu wa kituo cha CIA, Larry Devlin, alieleza kwamba aliitupa katika Mto Kongo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji, na mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu iliyobeba. Yaani palikuwa na wenye nia mbaya kadhaa, kila mmoja na mpango wake, wengine wakishindwa, wengine wakizidiana, na wote wakiacha karatasi nyuma. Katika hadithi ya barazani mkono ni mmoja, haukosei wala hausahau barua mezani. Kwa uzoefu wangu wa majalada, wahalifu wa namna hiyo hawajazaliwa.

Kuhusu mwezi sitasema mengi, kwa sababu hapo ndipo mimi na Maalim tunapoachana njia. Yeye hasadiki kwamba Neil Armstrong aliukanyaga, alfajiri ile ya 21 Julai 1969 kwa saa zetu. Bendera, anasema, ilipepea pasipo na upepo. Nami humwambia kwamba ilishonewa upindo wenye fito ya mlalo juu yake, na kwamba mikunjo si kupepea. Nyota hazionekani pichani kwa sababu kamera iliyowekwa kwa ajili ya mwanga mkali wa jua haiwezi kunasa nuru hafifu. Safari sita za kutua zilileta takribani kilo 382 za mawe na udongo, na Umoja wa Kisovieti, ambao ndio ungefaidika kuliko wote kwa kuufichua uongo huo, haukuufichua. Hunijibu kwamba labda Warusi nao walikuwamo. Jibu hilo linanikera, na nadhani najua sababu: kila shahidi anayekuja kuipinga hadithi anageuzwa kuwa mshitakiwa mwenza.

Hata lugha yetu ina methali iliyotegwa namna hiyo. "Lisemwalo lipo; kama halipo, laja." Ni methali tamu na yenye busara yake, lakini itazameni kwa jicho la mahakama: ikithibitika, imeshinda, isipothibitika, bado inangojewa. Hakuna siku itakayoshindwa. Shaka ya kweli haina starehe hiyo, kwa kuwa mwenye kushuku kwa dhati huweka mapema jambo ambalo likionekana, yeye mwenyewe atanyamaza.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kimenifundisha zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, ili vita vya Katanga visitishwe. Watu 16 walikuwamo na wote walikufa, mmoja wao akiwa ameishi siku chache hospitalini.

Kwa mpenda hadithi, hiki ni kisa kilichojaa mpaka pomoni. Mabaki ya ndege yalikuwa kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanjani, na bado iliripotiwa kuonekana takribani saa 15 baadaye. Wachoma mkaa wa porini walisema waliona ndege ya pili au mmweko angani, na maneno yao hayakuthaminiwa. Manusura yule, Harold Julien, alizungumzia mlipuko kabla hajafa, ikasemwa kwamba ni maneno ya mgonjwa aliyelewa dawa. Picha za maiti zilionyesha kitu kama karata kwenye kola ya shati, na watu wakasema ni ree ya shupaza. (Wacheza karata wa mtaani kwetu waliposikia hilo walisimamisha mchezo.) Harry Truman, rais mstaafu wa Marekani, aliwaambia waandishi wa habari siku chache tu baadaye kwamba Hammarskjöld alikuwa karibu kufanikisha jambo "walipomuua", na akawataka wazingatie kwamba ndivyo alivyosema. Mwaka 1998 Askofu Mkuu Desmond Tutu, akiongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, alitangaza kuonekana kwa barua zilizozungumzia mpango wa kumwondoa Katibu Mkuu huyo; barua zilizotolewa hadharani zilikuwa nakala, na uhalali wake ukabishaniwa.

Uchunguzi wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, serikali ya kikoloni iliyotawala Ndola wakati ule, uliona mwaka 1962 kwamba kosa lilikuwa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo haikuweza kuamua. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ulilipeleka jambo hili kwa jopo lililoongozwa na mtu wa kwetu, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, na ambaye aliendelea na kazi hiyo peke yake kuanzia mwaka 2017.

Niliposoma taarifa ya jopo nilijiona nimerudi kazini. Kila dai lilichukuliwa peke yake na kupewa daraja: halina uzito wowote, lina uzito hafifu, wa wastani, au mkubwa. Wachoma mkaa, ambao wakoloni hawakutaka kuwasikiliza, walipewa masikio waliyonyimwa mwaka 1962, huku wakikumbukwa kuwa ni binadamu wanaozeeka na kusahau. Na madai yaliyokuwa matamu kupita kiasi, ya watu waliojitokeza miaka mingi baadaye wakisema waliitungua au wanamjua aliyeitungua, hayakupokewa kwa utamu wake. Ripoti ya mwaka 2017 ilisema inaelekea kuwezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali hiyo. Ile iliyofuata mwaka 2019 ikaongeza kwamba sasa ni juu ya nchi wanachama zenye nyaraka kuonyesha kwamba zimezipekua kikamilifu.

Angalieni aina ya shaka iliyomo. Imeelekezwa kwa serikali kubwa zinazokalia majalada yao, na kwa nguvu ileile imeelekezwa kwa wapinzani wa serikali hizo. Mpenda njama hufanya nusu ya kwanza kwa uhodari mkubwa, pengine kuliko mimi, na namheshimu kwa hilo, kwa maana bila wakaidi waliokataa kusahau Ndola hakuna jopo ambalo lingeundwa. Nusu ya pili ndiyo inayomchosha, kwa sababu haina msisimko wowote. Ni kukaa na karatasi, kuuliza tarehe, kutafuta asili ya nakala, na mwisho wake ni kuandika neno "inawezekana" mahali ambapo moyo ulitaka kuandika jina la mtu.

Mimi mwenyewe bado nakwenda barazani, wala sioni haya. Jumatano iliyopita niliwaeleza wenzangu habari hizi za jaji, daraja kwa daraja, kwa takribani nusu saa. Maalim alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo, bwana karani, nani aliyemuua?" Nikamwambia kwamba ripoti haisemi hivyo, bali inasema inawezekana, na kwamba jalada halijafungwa. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyepimiwa mchele pungufu. Jioni ya pili nilichelewa kidogo, nikamkuta tayari ameanza, sauti ikiwa chini kama ada yake, akiwaeleza vijana wawili wageni kwamba Hammarskjöld aliuawa, na kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitishwa na jaji wetu mwenyewe.