Askofu na Sinodi

Swali: Je, askofu wa Kianglikana nchini Tanzania huamua mambo yote ya dayosisi peke yake? (Msomaji, Korogwe)

Jibu: La. Askofu ni mchungaji mkuu: huwawekea mikono mashemasi na makasisi, hutoa kipaimara na huwapangia makasisi vituo vya kazi, lakini katiba ya dayosisi hupitishwa na Sinodi, yaani mkutano mkuu wa dayosisi, ambamo makasisi na wawakilishi wa walei (waumini wasio na daraja la upadre wala ushemasi) huketi pamoja naye. Nawasisitiza walei kwa makusudi, kwani waumini wengi hudhani kuwa nafasi hiyo ni hisani ya askofu, ilhali ni haki yao. Kati ya vikao vya Sinodi, kazi huendeshwa na Halmashauri ya Kudumu. Askofu Mkuu wa Jimbo la Tanzania (yaani dayosisi zote za Kianglikana nchini kwa pamoja), lililoundwa mwaka 1970, naye huendelea kuongoza dayosisi yake mwenyewe.