Maswali ya Wasomaji: Huyo mzee wa shaba kisiwani ni nani?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Kijana wangu yuko masomoni Marekani. Juzi ametutumia picha amesimama chini ya sanamu ndefu ya mzee aliyenyanyua mkono, nyuma yake msitu mtupu. Anasema hapo ni kisiwa cha mtoni, mjini Washington, na kina jina la Rais Roosevelt. Kijiweni tumebishana hadi chai ikapoa. Mmoja anasema ndiye Roosevelt aliyekuja kuwinda huku kwetu, mwingine anashikilia kuwa ni yule wa vita vya Hitler. Na mimi la kwangu: kisiwa kizima, katikati ya mji mkuu, kimebakije pori?
Msomaji wa Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenye Roosevelt wa kuwinda ameshinda, ila nampa nusu ya alama. Huyo ni Theodore, rais wa 26, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1909. Wa vita vya Hitler ni Franklin, jamaa yake wa mbali. Theodore alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka madarakani, akiwa na mwanawe Kermit. Nusu ya alama inapotea kwenye hilo neno "kwetu". Kwetu alikuwapo Mjerumani. Roosevelt alipita kwa Mwingereza, Kenya na Uganda za leo, akatokezea Khartoum Machi 1910. Baba na mwana kwa hesabu yao wenyewe waliangusha wanyama 512, simba 17 wakiwemo, tembo 11 na faru 20. Mwingi wa mzigo ulikwenda kwenye makumbusho ya Washington. Na mtu huyohuyo, akiwa rais, alitenga kama ekari milioni 230 za ardhi zihifadhiwe, ndiyo maana ukumbusho wake ukawa msitu. Mniulize mengine, hilo la kumpatanisha na faru wake 20 silijui.

Kisiwa chenyewe nimekikanyaga. Binti yangu alipojifungua nilikwenda kumlea arobaini yake, na makazi yake yalikuwa Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto Potomac. Arobaini ikageuka miezi mitatu. Asubuhi namfunga mjukuu mgongoni kwa kanga (wazungu wakituangalia wee), tunavuka daraja la waendao kwa miguu. Gari halipiti hapo, na baiskeli unaifunga huku ng'ambo. Kisiwa kina ekari kama 88. Upande mmoja wamejenga njia ya mbao juu ya kinamasi, na hapo ndipo nilipopapenda. Siku ya kwanza nimekuta matope wazi, siku ya pili maji yamefunika. Nikamwambia binti yangu, mto huu unakupwa na kujaa! Akacheka, hakuwa amewahi kuangalia. Kumbe bahari inausukuma Potomac hadi pale, ingawa maji yenyewe ni baridi, hayana chumvi. Harufu ya lile tope ni ya Ruvu kabisa, ukifumba macho unangoja kuona mikoko. Kisha ndege inapita juu kwenda kutua, kelele zinakurudisha Marekani.

Sasa la pori. Si pori, mwanangu. Lilipandwa.

Wenyeji wa kwanza ni Wanacotchtank, na jina la zamani la kisiwa, Analostan, linatokana na hao. Karne ya 18 kisiwa kikaingia mikononi mwa ukoo wa Mason, matajiri wa Virginia. John Mason alikirithi mwaka 1792, akajenga jumba, akatengeneza bustani na mashamba, na walioinamia jembe walikuwa watumwa. Ukoo huo ulikuwa pia na kivuko cha kwenda Georgetown, ng'ambo ya pili.

Kilichowaondoa ni tuta. Georgetown ilikuwa bandari, na mchanga ulikuwa unaiziba. Wakajenga tuta kuunganisha kisiwa na Virginia, maji yote yasukumwe upande wa Georgetown yachimbe mkondo. Upande wa pili maji yakasimama, yakaoza. Mwaka 1831 Mason na watu wake wakafungasha. Mtu wa Bagamoyo halimpi tabu kulielewa hilo. Nenda Kaole uangalie pale palipokuwa bandari: mchanga na mikoko, na mji ukahamia huku tuliko. Tofauti ni kwamba Kaole hakuna aliyejenga tuta.

Jumba likabaki, na baadaye likaungua. Lakini kabla ya hapo kuna miaka michache ambayo kijana wako aiulizie, maana ndiyo iliyonifanya nirudi kisiwani mara nyingi kuliko sanamu. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kikosi cha kwanza cha askari weusi wa serikali ya Marekani kilipiga kambi pale. Kikaondoka kwenda vitani, na mwaka uliofuata kisiwa kikawa kambi ya waliotoka utumwani. Shamba la bwana Mason, lililolimwa na watumwa, likalaza watu huru. Miaka minne baadaye, 1868, mapadri wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni hapa Bagamoyo na kuanzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani. Nimefundisha habari za misheni ile kwa miaka na miaka, na hata siku moja sikuwahi kujua kwamba miaka michache tu kabla yake kulikuwa na watu wa namna hiyo kwenye kisiwa cha mto wa mbali.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka 1931 chama cha kumuenzi Roosevelt kilikinunua kisiwa kutoka kampuni ya gesi, wakakitoa kwa taifa. Msanifu wa bustani na mandhari Frederick Law Olmsted Mdogo akapanga msitu ufanane na wa kale. Vijana waliopewa kazi na serikali wakati wa mdororo wa uchumi wakang'oa magugu ya kigeni, wakapanda miti ya asili kwa maelfu. Magofu ya jumba yakaondolewa. Sanamu ya shaba, futi 17, kazi ya Paul Manship, ilizinduliwa Oktoba 1967 na Rais Lyndon Johnson.

Mwambie kijana picha ya sanamu tumeiona, inatosha. Atutumie ya kinamasi, mbili kutoka mahali pamoja: moja maji yamekupwa, moja yamejaa. Na avae viatu visivyoogopa tope.