Nimenunua kiwanja, kaja mtu na hati anasema ni chake

SWALI: Habari kaka wakili. Mwaka juzi nilinunua kiwanja huku Kibaha, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakasaini, muhuri ukapigwa na ile asilimia 10 ya mwenyekiti nikatoa. Juzi kaja mtu na hati anasema eneo ni lake. Alafu shemeji ndo kanichanganya kabisa, anasema bongo hakuna anayemiliki ardhi, yote ni ya Rais. Sasa mimi nilinunua nini? Picha ya mkataba nimeambatanisha. – Mama Wawili, Kibaha

JIBU: Pole sana dada. Tuanze na shemeji, hajakosea ila kakupa stori nusu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ameshika kama mdhamini kwa niaba yetu sote, kwa hiyo tunachomiliki sisi ni haki ya kuikalia na kuitumia, ndo maana kwenye hati unakuta miaka 33, 66 au 99 alafu na masharti yake, ujenge kitu gani, ulipe kodi ya ardhi kila mwaka. Hiyo haki unauza, unarithisha, unaweka rehani benki, ni mali kabisa. Vijijini kuna sheria yao, Na. 5 ya mwaka huohuo, na hati ya kimila ya mwanakijiji haiwekewi kikomo cha miaka.

Sasa karatasi yako. Nimeisoma mara mbili hiyo picha: "ukubwa hatua 20 kwa 25, kaskazini kimepakana na mwembe". Hatua za nani dada, zako au za muuzaji? Na mwembe wenyewe ukikatwa? Mkataba wa hivyo unaonesha tu kwamba wewe na yule bwana mliuziana, hauoneshi kama alikuwa na cha kukuuzia, na mtu hawezi kukupa haki ambayo hata yeye hana. Muhuri wa mtaa ni wa kushuhudia, haugeuzi mkataba kuwa hati, na hiyo asilimia 10 ukiitafuta kwenye Sheria ya Ardhi huioni, mimi huwa naiita soda ya mwenyekiti.

Huyo mwenye hati usigombane nae. Muombe namba ya hati, kitalu na namba ya kiwanja, nenda ofisi ya msajili wa hati ufanye sachi, yaani ukague kumbukumbu za hiyo hati, utaona jina la nani lipo, lini limeingia, kuna rehani ya benki au zuio. Alafu tafuta mpima ardhi akuoneshe bikoni (mawe ya mipaka) zilipo, usiruke hii hatua maana kuna hati halali kabisa ila ni ya kiwanja cha jirani, nimeshakutana nayo hiyo na watu walikuwa wameshashikana mashati.

Ikionekana hati ni ya hapohapo, kwa kawaida mahakama inamtambua aliyesajiliwa mpaka uthibitishe kwamba hakuipata kihalali. Hapo ndo unamgeukia muuzaji. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui, mkishindwana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na huyo muuzaji unamuunganisha kwenye kesi, usimuache nje anakula hela yako. Madai ya ardhi yana miaka 12, ya mkataba ni 6, kwa hiyo muda unao ila usiulalie.

Na kingine, je, muuzaji alikuwa anaishi hapohapo? Uliandika mashahidi tu hukutaja mkewe, na kwenye mkataba sioni sahihi yake. Kama ana mke na kulikuwa na nyumba yao ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza, bila hiyo mkewe anaweza akaja nae kudai. Niandikie unijibu hilo, na kwa sasa usiongeze hata tofali moja.